Nyuzi, Waya na Katambuga

Fundi wa katambuga, yaani ndara za mpira wa tairi, hanunui tairi kabla ya kulichungulia. Hulipindua, akatafuta pale lilipochanika au akalichana kidogo kwa ncha ya kisu, kisha akatazama ndani: kuna nyuzi au kuna waya? Likiwa la nyuzi, mtapatana bei. Likiwa la waya, atakuambia kwa adabu ulipeleke kwa wapanda maua.

Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Katika vitabu nilivyofundishia, mkonge ulikuwa na sura yake, kahawa ilikuwa na yake, na reli ilikuwa na yake. Viatu vya watu waliokata mkonge ule, wakachuma kahawa ile na kutandika reli ile havikuwa na hata aya moja. Nami karo yangu ililipwa kwa katambuga, kwani nililelewa na baba mdogo aliyekuwa na kibanda pembeni ya Soko Kuu la Arusha. Nina deni hapo. Naanza kulilipa kwa kueleza kazi yenyewe, maana wengi wamevaa katambuga bila kujua zinavyozaliwa.

Tairi la lori huanza kwa kuvuliwa kingo. Hata tairi la nyuzi lina waya mnene kwenye zile kingo mbili zinazobana ringi, na kisu hakigusi hapo. Hupita pembeni yake, kikizunguka. Mbavu za tairi hukatwa na kuwekwa kando. Kinachobaki ni mkanda mpana wenye meno, nao hukatwa vipande vya urefu wa mguu na zaidi. Sasa inakuja kazi yenyewe. Kipande ni kinene mno, mtu hawezi kukitembelea, kwa hiyo lazima kipasuliwe tabaka kwa tabaka. Fundi huingiza kisu kati ya tabaka mbili, na msaidizi hushika ncha ya juu kwa koleo akaivuta kwa nguvu zake zote, huku maji yakidondoshwa kwenye kisu. Bila maji mpira hung'ang'ania chuma, na kisu kinakwama kama kwenye ulimbo. Mimi nilikuwa mshika koleo. Nilikuwa naanguka kitako kila ncha ilipochomoka, na baba mdogo hakuwahi kunionea huruma hata siku moja. "Mwanangu, vuta kwa mgongo," alikuwa akisema, "mikono ni ya kushikia tu."

Mteja husimama juu ya kipande, fundi akachora mguu kwa chaki. Hapo kuna siri ambayo asiyekaa kibandani haijui: tairi halisahau kwamba lilikuwa duara. Soli iliyotoka kwenye tairi la gari dogo hujikunja, ncha ya vidole ikatazama juu kama mtumbwi. Ya lori, kwa kuwa duara lake ni kubwa, hulala vizuri zaidi. Ndiyo maana tairi la lori lilikuwa na heshima yake, na ndiyo maana aliyevaa katambuga za gari dogo alitambulika kwa mwendo.

Kamba hutoka tumboni mwa tairi, kwenye matabaka ya ndani yenye nyuzi nyingi na mpira kidogo, kwa sababu nyuzi hazivutiki. Hupenyezwa kwenye matundu ya pembeni ya soli, zikapigiliwa misumari midogo. Fundi huweka soli juu ya chuma, akagonga. Ncha ya msumari ikifika kwenye chuma inajipinda na kurudi ndani ya mpira. Fundi mvivu asiyepinda vizuri ndiye aliyefanya watu wachukie katambuga, maana baada ya miezi msumari huibuka na kuuma kisigino. Mkulima wa mabondeni alitaka kamba ya nyuma, tope lisimvue kiatu. Mmasai alitaka soli ipite pembeni ya mguu kidogo, miiba isimpate. Hakuna kiwanda kilichowahi kuwauliza watu hawa wanataka nini.

Na nyayo zake! Njia ya ng'ombe waliyopita wavaa katambuga ina alama za tairi, fupi fupi, kushoto na kulia, utadhani malori madogo yamepita yakichechemea.

Kabla ya tairi watu hawakuwa wote peku, ingawa picha za wakoloni hupenda kutuonyesha hivyo. Pwani kulikuwa na makubadhi, na Siyu katika kisiwa cha Pate ilisifika kwa mafundi wa ngozi. Kulikuwa na mitalawanda ya mbao. Bara, wafugaji walikata ndara kutoka ngozi ya ng'ombe. Ngozi ile ikikauka huwa ngumu kama ubao, na mvua ikinyesha hulainika ikateleza. Wengine wengi, kweli, walitembea na nyayo zao. Hata askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipiga gwaride miaka mingi bila viatu. Kwa hiyo tairi lilipofika lilikuta watu waliokwisha kujua ndara ni nini na wanataka iweje. Walikosa tu ngozi isiyoogopa maji wala miiba.

Jambo linalonisikitisha na kunichekesha kwa pamoja ni kwamba mpira ulitoka kwetu kabla ya kuturudia. Karne ya 19 utomvu wa mitoria ya porini ulikuwa bidhaa iliyopelekwa pwani ikauzwa nje. Kisha Wajerumani wakapanda mashamba ya mpira aina ya Ceara, ambao ni ndugu wa muhogo, hasa upande wa Tanga na Muheza. John Boyd Dunlop alikuwa ametengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, baiskeli na magari yakaongezeka Ulaya na Marekani, na mpira ukawa dhahabu nyeupe. Halafu, mwaka 1913, bei ikaporomoka, kwa sababu mashamba ya Malaya na jirani zake yalianza kutoa mpira mzuri na wa bei nafuu kuliko wetu. Mashamba mengi yakaachwa yakawa pori.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza malori yaliingia kwa wingi, na nyuma ya malori yakafuata matairi vipara. Ndipo kazi hii ikapata malighafi. Matairi ya zama zile yalikuwa na nyuzi za pamba ndani. Ni rahisi kuzikata, lakini zinaoza: maji yakipenya kwenye mchano, pamba inavunda na kamba inakatika ghafla mtu akiwa njiani.

Vita ya Pili ilivuruga mambo. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, Uingereza ilipoteza mpira wa Malaya, na mara ile Ceara iliyosahaulika Tanganyika ikakumbukwa. Mashamba yakafyekwa, watu wakapelekwa kwa kulazimishwa kugema utomvu. Matairi yakawa ya mgao. Tafakari kidogo: mtu anatolewa kwao kwa nguvu kwenda kugema mpira wa matairi ya jeshi, naye hana kiatu. Wakati mwingine mtu hahitaji kitabu kumweleza ukoloni ulikuwa nini.

Baada ya vita ikaja nailoni. Viwanda vya Marekani vilianza kutia nyuzi za nailoni kwenye matairi miaka ya 1940, na taratibu zikafika hadi kwetu. Nailoni haiozi. Kamba ya nailoni inaweza kuzeesha soli tatu. Baba mdogo alikuwa mtu wa dini na mwanachama mwaminifu wa chama, lakini nadhani kitu alichokiamini kwa moyo wote duniani ilikuwa nailoni ya lori la tani saba.

Arusha ikawa mji wa tairi kwa namna mbili. Njiro kulijengwa kiwanda cha General Tyre, ubia wa serikali na kampuni ya General Tire ya Marekani, ambayo baadaye ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani mwaka 1987. Nairobi nao walikuwa na Firestone. Huku Njiro tairi likizaliwa kwa mashine, kule sokoni likizikwa kwa kisu. Sijui kama wakubwa wa kiwandani waliwahi kutufikiria. Sisi tuliwafikiria kila siku.

Sasa nifike kwenye miaka ninayoijua kwa macho yangu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Pale mpakani Namanga pakanyamaza, na hapakufunguliwa rasmi mpaka Novemba 1983. Kwa watu wa Arusha maana yake ya kwanza ilikuwa kukosa bidhaa za Nairobi, na viatu vya Bata kutoka Limuru vilikuwa miongoni mwazo. Vilivyovuka vilivuka kwa magendo, na mvaaji alipaswa kuwa na jibu akiulizwa amevipata wapi. Mwaka uliofuata ikaja vita na Idi Amin, kisha bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaisha. Madukani palibaki rafu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi, kiatu kwa kujuana.

Serikali haikukaa bure. Kulikuwa na viatu vya Bora, kampuni ya umma. Tena kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikajengwa kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Kuta zake zilikuwa za bati la aluminiamu, zisizopitisha hewa, katika joto la Morogoro! Mwaka 1990 kikafungwa. Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: katika miaka ile ile, ni nani aliyelivisha taifa viatu? Walikuwa wakidhani ni swali la mtego.

Walikuwa ni wale wazee wa vibandani, bila mkopo, bila bati. Katambuga ilivaliwa na mkulima, na utingo, na muuza mkaa, na mwalimu akirudi nyumbani ambako hakuna mwanafunzi wa kumwona. Kule Kenya wenzao waliziita akala, Uganda lugabire. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, wakaiambia dunia kwamba hawa mafundi wa juani hawakuwa watu wasio na kazi, walikuwa wakifanya kazi kweli kweli. Tulishukuru kuambiwa.

Nisiifanye miaka ile kuwa ya neema. Tairi lenyewe lilikuwa adimu. Wenye malori waliliendesha mpaka nyuzi zikachungulia nje, kwa hiyo lilipotufikia lilikuwa limebaki ngozi na mifupa, na baba mdogo alilalamika kwamba wenye magari wanavaa katambuga zake kabla hajazikata. Halafu kulikuwa na aibu. Shuleni aliyekuja na katambuga alichekwa, na waliocheka zaidi ni wale waliokuja peku. Mimi, mwana wa fundi, nilizivua kila siku kabla ya kufika uwanjani, nikazificha kwenye ua wa manyasi. Baba mdogo alijua, akanyamaza.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Mitumba ikamiminika, na viatu vya mitumba humo humo. Ukimuuliza mtu yeyote leo kilichoiua katambuga, atakujibu mitumba. Ukimuuliza msomi, atakuongezea ndala za plastiki na bidhaa za China. Mimi nakubali nusu tu. Mitumba ilimchukua mteja wa mjini, yule ambaye tangu mwanzo alikuwa akizivaa kwa kukosa. Mteja wa miiba na mawe hakwenda kokote: kiatu cha mtumba kilimdumu msimu, katambuga ilimdumu miaka. Alikuwa bado anakuja. Kilichokosekana ni tairi la kumkatia.

Waya ndio uliofanya hivyo. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliandikisha haki ya tairi la aina mpya, na kuanzia 1949 ikaliuza. Chini ya meno yake kulikuwa na mikanda ya nyuzi za chuma. Kwa dereva ni neema: linapoa upesi, linabana barabara, linadumu. Ulaya lilienea kabla ya kwetu, maana kwenye barabara zetu za mashimo na malori yanayobebeshwa kupita kiasi wenye magari waliendelea kuamini nailoni. Lakini kadiri magari yaliyotumika yalivyoletwa kutoka Japani na Ulaya, na lami ilivyosogea, waya ukaingia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 baba mdogo alikuwa anapindua matairi kumi ili apate moja.

Tairi la gari dogo la siku hizi bado lina nyuzi laini mbavuni, kwa hiyo kamba unaweza kuipata. Soli ndiyo haipatikani, kwani soli hutoka pale kwenye meno, na hapo ndipo chuma kilipo. La lori ni baya zaidi, chuma tupu mpaka mbavuni. Kisu kinalika. Ukifaulu kukata, vichomo vya waya hubaki pembeni ya soli na kutoboa mguu wa mwenzako. Nilimwona baba mdogo, mtu aliyekuwa akipasua tabaka bila kutazama, amekaa na kipande cha waya mapajani akikipapasa kwa kidole gumba, anatafuta mlango. Hapakuwa na mlango. Alifunga kibanda akiwa bado na nguvu mikononi.

Matairi yale ya waya yakaanza kurundikana. Yakazaa mbu yalipojaa maji ya mvua. Vijana wakayachoma ili wapate chuma cha kuuza kwa kilo, na moshi mweusi ukawa sehemu ya mji. Mengine yakawa vyungu vya maua, yakapakwa rangi nyeupe, au bembea za watoto. Waliobaki na kisu wakajitosa kwenye tyubu na vipande vidogo: mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli, manati, bushi za gari, vipande vya kukalishia injini isitikisike. Viwanda navyo vikazimika. Cha Njiro kilisimama mwaka 2009, na ile Firestone ya Nairobi, ambayo ilikuwa imekuwa Sameer, iliacha kutengeneza matairi mwaka 2016.

Aliyekuja kuikomboa kazi hii hakuna aliyemtazamia: bodaboda. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ikazipa pikipiki kanuni za kubeba abiria mwaka 2010. Zikafurika hadi vijijini. Sasa tairi la pikipiki hizi, kwa unafuu wake, ni la nailoni, nyuzi tupu, na ni jembamba kiasi kwamba halihitaji hata mshika koleo. Lina ila zake. Umbo lake ni la mviringo, kwa hiyo kingo za soli huinuka kidogo pande zote mbili, na mguu mpana hautoshi. Ila linakatika! Baba mdogo angelidharau, kisha angelinunua.

Ndizo katambuga mnazoziona leo Kariakoo na mitaa ya Zanzibar, vijana wa Kimasai wakiziuza zimepangwa kwenye mikono yao, zenye kamba nne na meno ya pikipiki chini. Watalii wanazinunua kama kumbukumbu, wakiamini ni vazi la kale la Wamasai. Simkatalii mtu biashara. Lakini kiatu kile kwa umbo lake hili ni kichanga kuliko simu ya mkononi.

Wala hatukuwa peke yetu. Wavietnamu waliwakata Wafaransa matairi yao wakayavaa vitani, na jozi aliyotembelea Ho Chi Minh imehifadhiwa Hanoi kwa heshima kubwa. Mexico wanakata ndara za tairi tangu zamani. Ethiopia, mwaka 2004, Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha kampuni ya soleRebels kwa soli hizo hizo za tairi alizozikuta zikivaliwa kwao, akaziuza nje ya nchi bila kuona haya. Huyo nampa mkono.

Siku hizi tairi chakavu lina makongamano. Kuna mashine za kulisaga liwe chenga za kuchanganya na lami au kutandika viwanja vya michezo, kuna matanuri ya kulipika mpaka litoe mafuta, kuna viwanda vya saruji vinavyolichoma kama kuni. Vyote vina nafasi yake, hasa kwa hili la waya. Ila mtu aelewe ugumu ulipo. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa haurudi nyuma, tairi haliyeyuki likaumbwa upya kama plastiki. Lazima ulisage, ulivunje kwa moto au ulikate. Kusaga kunataka umeme mwingi, moto unataka mtaji na chujio la moshi. Kukata kunataka kisu, maji na mtoto wa kuvuta koleo. Ninapowasikia wataalamu wakisema tuanze kuwafundisha wananchi kutumia tena matairi, huwa natamani wangekaa asubuhi moja tu pale Soko Kuu mwaka 1980.

Hivi sasa wazee waliokata matairi ya nailoni ya malori wamebaki wachache, na ujuzi wa kupasua tabaka kwa koleo na maji vijana wa pikipiki hawana haja nao. Kama una babu, mjomba au jirani aliyefanya kazi hiyo, Arusha au Moshi, Singida au Kisumu, mwombe akusimulie, uandike: alianza mwaka gani, tairi alilipata wapi, alilipa nini, alimuuzia nani. Na kama darini kwenu kuna jozi ya zamani yenye kamba za nailoni, usiitupe. Ipeleke makumbusho iliyo karibu nawe, iwe na karatasi yenye jina la fundi aliyeikata.